Imani Isiyozidi Randi Tano: Mwongozo wa Mkatoliki Mwema wa Bertrams

Mwongozo huu unamhusu Mkatoliki msemaji wa Kiswahili aliyetoka Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kigoma au Mombasa, akabadilisha mabasi mpaka akasahau hesabu yake, na sasa anapanga chumba Bertrams, Johannesburg, jirani na uwanja wa Ellis Park. Hauwahusu watakatifu. Watakatifu wana vitabu vyao, na vingi vinaisha vibaya.

Lengo ni moja: kukuwezesha kubaki Mkatoliki anayeheshimika, mwenye nafasi yake kanisani na picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, bila imani hiyo kukugharimu zaidi ya randi tano kwa wiki. Kiwango hiki hakikuokotwa barabarani. Randi tano ndiyo sarafu kubwa kuliko zote nchini hapa, na ina uzito wa heshima mkononi. Ukipita hapo unaingia kwenye noti, na tangu mwaka 2012 noti zote za Afrika Kusini zina sura ya Mandela. Mtu mwenye adabu hamtupi Mzee Mandela kikapuni kila Jumapili.

MAHITAJI

Rozari moja. Kama una gari, itundike kwenye kioo cha mbele. Kama huna, msumari wa juu ya kitanda unatosha. Haihitaji kusaliwa ili ifanye kazi yake ya kukutambulisha.

Picha ya Moyo Mtakatifu, ikiwezekana yenye taa nyekundu ya umeme. Nyumba nyingi za Bertrams ni za zamani, zenye paa la bati na baraza mbele, zilizojengwa kwa ajili ya familia moja. Leo kila chumba kina familia yake. Pima nafasi kabla ya kununua. Ikiwa ukuta wako ni pazia, weka picha juu ya friji.

Nguo ya Jumapili. Hapa wenyeji wametutangulia. Akina mama wa chama cha Mtakatifu Ana wana vijoho vya zambarau mabegani, na wakitembea kundi zima hata madereva wa taksi hupunguza mwendo. Wewe vaa kitenge chenye picha ya Bikira Maria au cha jubilei yoyote. Tarehe iliyochapwa haina maana, hata kama ni jubilei ya jimbo ulilolihama ukiwa unanyonya.

Sarafu ya randi tano. Moja.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA PAROKIA, HALAFU USICHAGUE

Kutoka Bertrams unaweza kwenda Misani kwa njia tatu. Ukielekea mjini, ukaipita Ellis Park na kuingia Doornfontein, unafika Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, lililojengwa enzi ambazo mtu wa rangi yako angehitaji kibali kuishi mtaa huo. Ukipanda mlima unatokea Yeoville, kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambako baada ya Misa utasikia Kifaransa na Kilingala mpaka usahau uko nchi gani. Ukifuata bonde kuelekea mashariki uko Bezuidenhout Valley, ambayo sote tunaiita Bez Valley, na huko kuna kanisa la Malaika Watakatifu.

Asiye na mwongozo huchagua moja, akajiandikisha, akapewa kadi, akajulikana. Huo ni uzembe. Ukijulikana utaombwa kupanga viti, kusoma somo la pili, kumsindikiza mgonjwa hospitali. Wewe hudhuria zote tatu kwa zamu. Paroko wa juu mlimani akikuuliza mbona huonekani, mjibu kwa upole kwamba unasali Kanisa Kuu. Wa Kanisa Kuu mwambie Bez Valley. Wa Bez Valley mwambie malaria. Johannesburg haina malaria, lakini ni padri gani atakayebishana na mtu wa Kongo kuhusu malaria?

HATUA YA PILI: MISA

Kanisa linadai saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo. Maji na dawa havihesabiwi. Soma vizuri: kabla ya Komunyo, si kabla ya Misa. Misa ikianza saa tatu, na kwa kuwa siku hiyo kuna kwaya mbili, ubatizo wa watoto sita na mgeni wa kutambulishwa, Komunyo haitafika kabla ya saa nne na nusu. Kwa hiyo magwinya, ambayo wewe ungeyaita mandazi yaliyonenepa, ni halali mpaka saa tatu na nusu, homilia ikiwa imeshika kasi. Mama anayeyakaanga nje ya geti anaijua hesabu hii kuliko katekista. Karai lake halitoki motoni mpaka asikie Nasadiki.

Nyimbo zitakuwa za Kizulu, Kisotho na Kiingereza. Usihangaike. Fungua mdomo kwenye irabu ya mwisho ya kila mstari, piga makofi nusu sekunde baada ya mama aliye mbele yako, na watu wataapa umezaliwa Soweto. Mkongomani ana mtihani wake peke yake. Amelelewa katika Misa ya mtindo wa Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ambamo wahenga huitwa mwanzoni na maandamano hucheza mpaka altareni. Kwake Misa isiyofika saa mbili ni tangazo la Misa. Asilalamike kwa sauti. Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Sadaka ndiyo sehemu inayohitaji mazoezi. Hutolewa kwa maandamano, benchi baada ya benchi, mbele ya macho ya watu wote, kwa wimbo usiokwisha. Shika sarafu ndani ya ngumi. Ngumi iingie kikapuni mpaka kwenye kifundo, ifunguke humo ndani, itoke ikiwa imefungwa tena. Ukifanya sawasawa, hakuna atakayejua kama umetoa randi tano au Mandela watano. Kikapu kikiwa na kina kifupi, funika kwa mkono wa pili na uinamishe kichwa. Watasema una unyenyekevu.

HATUA YA TATU: KUUNGAMA

Kuungama kwa lugha ya nne kuna neema ambayo wazawa hawaijui: dhambi hupungua kwa kukosa maneno. Padri ana Kiingereza, Kizulu na Kisotho. Wewe una Kiswahili, Kifaransa, Kilingala, na Kiingereza cha kuuzia nyanya. Kwa Kiingereza cha kuuzia nyanya mtu anaweza kusema ameiba na amedanganya. Hawezi kueleza kwamba alimwonea kijicho shemeji yake kwa ajili ya friji ya milango miwili, akaiombea iharibike, ikaharibika, na sasa shemeji anahifadhi samaki kwake. Lisilosemeka liache.

Wapo watakaokuambia kwamba kanuni ya 990 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu mtu kuungama kwa njia ya mkalimani, na kwamba mkalimani naye anafungwa na siri. Ni kweli, na ni hatari. Hebu fikiria ni nani hapa Bertrams anayejua Kiswahili na Kiingereza barabara, ana nafasi Jumamosi alasiri, na humdai wala hakudai. Ukishawaondoa wote wasiofaa, atabaki mama mkwe wako. Sheria itamkataza kusema. Hakuna kanuni inayomkataza kukutazama.

HATUA YA NNE: KWARESIMA

Jumatano ya Majivu nenda Misa ya alfajiri, ili majivu yakae usoni kutwa nzima bila gharama ya ziada. Katika taksi ya kwenda mjini atatokea mama mwenye huruma, atalowesha ncha ya leso kwa mate na kutaka kukufuta. Mkatalie kwa adabu. Mtu wa Kanisa la Zayoni mwenye nyota yake ya ZCC kifuani hatakuuliza neno. Yeye amezoea kutembea na dini yake nje ya nguo.

Kufunga kunawabana waliotimiza miaka 18 mpaka waanzapo mwaka wa 60, na kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Utashangaa jinsi watu wa mtaa huu wanavyozeeka ghafla Jumanne usiku na kurudi ujanani Alhamisi.

Kuhusu nyama yenyewe, elewa kwamba hapa nyama ni chakula cha wasio na kitu. Miguu na vichwa vya kuku vinauzwa kando ya barabara, na wenyeji wamevipa jina la ile simu ya upepo ya polisi, "walkie-talkie", kwa kuwa kimoja hutembea na kingine huongea. Makayabu, yaani samaki wa chumvi aliyesafiri kuliko sisi sote, yuko soko la Yeoville kwa bei ya kumfanya mtu atubu. Basi Ijumaa Kuu mwenye uwezo ataroweka makayabu tangu usiku, atayaunga kwa nyanya, kitunguu na mawese, atayasindikiza kwa sombe na bugali, na atainuka mezani akijishika kiuno, amejinyima. Jirani yake aliyechemsha miguu minne ya kuku na chumvi amevunja amri. Mwongozo huu unapendekeza njia ya kwanza.

Kota nayo ina utata. Hiyo ni robo ya mkate uliotobolewa ukajazwa chipsi, achari na poloni, na vijana wanauliza kila Ijumaa: je, poloni ni nyama? Waliowahi kusoma maandishi ya kwenye pakiti hawana hakika. Ukiwa na shaka, kula kwanza, halafu muulize padri.

HATUA YA TANO: JUMUIYA NDOGO NDOGO

Maaskofu wa Kongo waliamua mwaka 1961 kwamba Kanisa lijengwe kwa jumuiya za majirani, na wenzao wa Afrika Mashariki wakazifanya nguzo miaka ya 1970. Hawakuwa wamepanga chumba Bertrams. Hapa watu kumi na watatu husali kati ya kitanda na jiko la sahani mbili, wakati chumba cha pili ndugu zetu wa kilokole wanakemea mapepo kwa spika. Inabidi usali kwa sauti ya juu, na hiyo ni faida, kwa sababu kiini cha jumuiya ni nia.

Nia ni njia pekee ya kumsengenya mtu ukiwa umefumba macho. Jifunze muundo wake. "Tumwombee ndugu yetu wa chumba cha mwisho, ambaye jina silitaji, mwenye Toyota nyeupe, ili Bwana amwonyeshe njia ya kurudi nyumbani kabla ya saa nane za usiku." Wote: twakuomba utusikie. "Tumwombee dada yetu aliyenunua makochi mapya, ili Bwana awape subira wote wanaomdai." Wote, kwa nguvu zaidi: twakuomba utusikie. Ukimaliza, sali Baba Yetu taratibu, ili asiyeelewa apate muda wa kumuuliza jirani yake ni Toyota ipi.

Rozari ya familia ina historia ya kusikitisha. Ilistawi mwaka 2023, umeme ulipokuwa unakatika karibu kila siku: televisheni imezimika, simu ziko asilimia nne, mshumaa uko mezani, watu hawana pa kukimbilia ila kwa Mama Maria. Tarehe 26 Machi 2024 mgawo wa kitaifa ukasimama, na haukurudi kwa zaidi ya miezi kumi. Familia nyingi zikashuka kutoka mafungu matano mpaka moja, nalo ni lile linaloisha kabla ya tamthilia. Hakuna aliyethubutu kuweka nia ya kuomba giza.

Jihadhari na msiba. Hapo ndipo wengi waliofuata mwongozo huu kwa uaminifu huanguka. Mtu wa Uvira amefariki, maiti iko mochwari, na kuirudisha nyumbani ni fedha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika kwa mkono mmoja. Orodha inafunguliwa kwenye kundi la WhatsApp, jina na kiasi, na mama anayeuza karanga anaandika randi mia mbili. Usitazame. Ukitazama, aibu itakushika na mfuko utafunguka. Andika haraka "Poleni sana, tuko pamoja," kisha weka vile vikono viwili vya sala. Vikono ni bure.

HATUA YA SITA: TAKSI YA JUMATATU

Inua kidole kimoja juu, taksi ya mjini itasimama. Usikae kiti cha mbele kama hujajiandaa, kwa maana anayekaa kando ya dereva ndiye mhasibu. Fedha zitakujia kutoka nyuma kwa kugusana mabega: wawili hawa, watatu wale, mmoja ana noti ya mia, yule wa kona anadai chenji tangu kwenye roboti iliyopita, yaani taa za barabarani. Watu kumi na watano hawajuani, hawasemi lugha moja, hakuna risiti, na kila senti inafika kwa mwenyewe. Mwanateolojia wa maadili angepaswa kukaa hapa wiki nzima badala ya maktaba.

Lakini mara moja moja hesabu inagoma. Dereva ameridhika, abiria wote wamenyamaza, na kiganjani mwako imebaki sarafu ya randi tano isiyo na mwenyewe. Mtu wa kawaida angegeuka akauliza: jamani, nani hajapata chenji? Kizee wa benchi la nyuma, asiyesikia vizuri, angeinua mkono. Wewe tazama mbele. Hiyo sarafu ndiyo utakayoitoa Jumapili, na utakuwa umetimiza wajibu wako bila kuguswa. Wachumi wana jina la jambo hili. Wazee wetu pia walikuwa nalo, ila lilikuwa fupi zaidi.

HATUA YA SABA: MAKARATASI

Sala nyingi za Bertrams zinahusu karatasi moja: kibali. Karatasi hii ina tarehe ya kuisha, na kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo mtu anavyomkumbuka Mtakatifu Yuda Tadei, msimamizi wa mambo yaliyoshindikana. Piga novena. Siku ya tisa nenda kwenye foleni kabla ya jogoo. Kwenye foleni utamkuta kijana mwenye kofia ambaye hafanyi kazi popote, lakini anajua mlango wa nyuma na bei yake. Mpe. Ukirudi, washa mshumaa wa shukrani, novena imejibiwa. Ikiwa dhamiri itakusumbua, jiambie kwamba kila mtu anatoa, kwamba sheria yenyewe ni mbovu, na kwamba una watoto. Yote matatu ni kweli, na ndiyo maana yanafanya kazi vizuri.

Kitu pekee kinachoweza kuharibu hatua hii ni mtu wa Goma aitwaye Floribert Bwana Chui. Usimtundike ukutani. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, mwajiriwa wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 walimjia watu waliotaka apitishe shehena ya chakula kilichoharibika, wakampa hongo, akakataa. Wakamteka, wakamtesa, wakamuua. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Tazama balaa lake: huyu hakuwa mmisionari mwenye ndevu kutoka Ubelgiji ambaye tungesema desturi zake ni tofauti. Alisema Kiswahili hikihiki. Foleni alizijua. Kila mtu alikuwa anatoa hata kwao, na sheria za kwao hazikuwa bora kuliko za hapa. Mtu wa namna hiyo ukimweka karibu na Moyo Mtakatifu, kijana mwenye kofia atakuwa anakutia kichefuchefu kila ukimwona.

HATUA YA NANE: MGENI

Hili ni somo gumu kwa sababu wageni ni sisi. Lakini ugeni una ngazi. Sisi tuliofika mwaka 2005 tunawaita waliofika 2023 "hawa wageni", na tunasema wanaharibu jina letu. Tunajua kodi ya kila chumba, na tunawapangishia kona ya chumba chetu kwa bei inayolipa chumba kizima. Wenyeji walipofukuza wageni Mei 2008, tulijifungia pamoja tukasali kwa machozi, na Mathayo sura ya 25 ilisomwa ikaeleweka mara ya kwanza. Leo sura hiyo isomwe kwa haraka.

Siku ya mechi Ellis Park, mitaa yote inajaa magari, na kati ya magari wanasimama kaka zetu wenye diploma za Lubumbashi, wamevaa jaketi la kung'aa, wanalinda. Ukiwa umebahatika kupata gari, utasikia mmoja akikusalimu: "Jambo, mukubwa, habari ya siku nyingi?" Jibu kwa Kiingereza. Ukijibu kwa Kiswahili mtaanza kuulizana mnatoka wapi, itajulikana mlibatizwa na padri mmoja, na randi tano haitatosha.

Barabara ya kuikwepa ni Terrace Road. Huko kuna nyumba iitwayo Bienvenu Shelter, iliyoanzishwa mwaka 2001 na masista Wascalabrini, inayowapokea wanawake wakimbizi pamoja na watoto wao kwa muda, wakati hawana pa kulala. Shirika la masista hao lilianza mwaka 1895 kwa kazi ya askofu wa Piacenza, Giovanni Battista Scalabrini, ambaye alihangaika na Waitaliano maskini waliokuwa wanahamia Amerika. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 9 Oktoba 2022. Wazungu waliwahi kuwa wakimbizi wa njaa, wakahitaji askofu wa kuwatafutia pa kulala. Jambo hili usiwaambie watoto wako, wataanza kuuliza maswali. Ukilazimika kupita Terrace Road, pita na simu sikioni.

TAHADHARI KUBWA

Umefika mpaka hapa ukiamini kwamba randi tano ni kiasi kidogo kisichoweza kumletea mtu matatizo. Samuel Benedict Daswa naye alipaswa kuamini hivyo.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini Limpopo, mume, baba wa watoto wengi, mtu wa bustani ya mboga na timu ya mpira. Mwanzoni mwa mwaka 1990 radi ilipiga nyumba kijijini. Wazee wakakaa, wakaona radi haiji yenyewe, yupo aliyeituma. Ikaamuliwa kila mtu achange ili mganga amtaje mchawi. Mchango ulikuwa randi tano. Daswa alisema radi ni radi, na kwamba fedha yake haitaenda kumtafuta mtu wa kuuawa. Akakataa kutoa. Tarehe 2 Februari 1990, siku ileile Rais de Klerk alipotangaza bungeni kwamba ANC si haramu tena na dunia yote ilikuwa inatazama Cape Town, Daswa alikuta barabara imezibwa kwa miti. Akapigwa mawe na marungu mpaka akafa. Tarehe 13 Septemba 2015 akatangazwa Mwenyeheri, wa kwanza Afrika Kusini.

Wengi husimulia habari hii kuonyesha jinsi uchawi ulivyo mbaya. Mwongozo huu unaitoa kwa sababu nyingine. Hakuna aliyemwambia Daswa amkane Kristo. Hakuna aliyeleta sanamu akamwambia asujudu. Aliombwa mchango, kama tunavyoombwa sisi kila wiki, wa kiasi ambacho angekitoa akalala salama, na kesho yake angefundisha katekisimu na hakuna paroko ambaye angejua. Kama imani ingekuwa inajaribiwa kwa mambo makubwa, watu wa Bertrams tungekuwa na amani, maana mambo makubwa hayatufikii. Kwa bahati mbaya, inaonekana inajaribiwa kwa chenji.

MASWALI YA MARA KWA MARA

Nikifuata mwongozo huu, nitazikwa na padri? Ndiyo, kadi ikiwa na mihuri. Kwa kuwa unahudhuria parokia tatu na huna kadi hata moja, anza sasa kutafuta shahidi.

Nimeulizwa Jumatano ya Majivu kama mimi ni Mkatoliki kweli. Nijibu nini? Onyesha paji la uso. Usisubiri aulize habari za Alhamisi.

Mtu wa kundi ametuma ujumbe kwamba nisipousambaza kwa watu kumi na wawili kabla ya saa sita usiku nitapata msiba. Je, ni mafundisho ya Kanisa? Hapana. Lakini utakuta umeshausambaza.

Mama aliyehamia juzi chumba cha uani amegonga mlango saa mbili usiku. Mtoto wake ana homa, hana nauli ya hospitali, na Kiingereza hajui. Nifanye nini? Zima taa. Punguza redio pole pole, usiizime ghafla. Mwambie mwanao anyamaze. Ikiwa mwanao ameshafungua mlango, ameshamwambia "karibu, mama," na sasa anakutazama akisubiri, mwongozo huu hauna la kukusaidia. Chukua koti, chukua Mandela kadhaa, na malalamiko yako yapeleke kwa katekista wake.